Gift Aid, zaka na nia: je, nafuu ya kodi inapunguza thawabu ya sadaka?

SWALI

Assalaam alaykum Sheikh. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, sote tumeajiriwa na tunakatwa kodi kwenye mshahara. Kila tunapochanga, msikitini au kwa mashirika ya hisani, tunaletewa fomu ya Gift Aid tutie alama ili shirika lirudishiwe kodi na serikali. Nina masuala matatu. Kwanza, je, inafaa sadaka kuambatana na nafuu ya kodi, au ndiyo tumeshalipwa hapa duniani na Akhera hatuna chetu? Pili, tuna akiba ya pauni 20,000, na zaka yetu mwaka huu ni pauni 500. Mume wangu anasema tukitoa 400 kwa Gift Aid, shirika litapata 500 kamili, basi zaka imetimia. Tatu, nina shangazi mjane yuko Tanga, huwa namtumia pesa kwa simu kila Ramadhani. Mwaka huu nafsi inaniambia ni hasara, kwa sababu pesa ninayompa yeye haina Gift Aid. Nifanyeje?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na la mume wako, maana ndilo lenye deni ndani yake. Zaka haijatimia. Mkitoa pauni 400 mtabaki mnadaiwa 100.

Hesabu yenu yenyewe naona ni sawa: akiba ya pauni 20,000 iliyotimiza mwaka na kuvuka nisabu (thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaopimia fedha), asilimia mbili na nusu yake ni 500. Hiyo 500 inatoka katika mali yenu, kwa nia yenu. Sasa tazama Gift Aid inavyokwenda. Sheria ya kodi ya Uingereza huihesabu pauni 100 unayotoa kuwa ni kile kilichobaki katika pauni 125 baada ya kukatwa asilimia 20. Ile 25 iliyokatwa shirika linaidai kwa HMRC, mamlaka ya kodi. Ndiyo maana kwa kila pauni moja shirika huongezewa peni 25, na 400 yenu ikawa 500.

Wako wanaosema: hiyo 100 si ilikuwa pesa yetu, tuliyokatwa kwenye mshahara? Ilikuwa. Lakini kodi ikishakatwa imetoka katika milki yako. Huwezi kwenda HMRC ukaichukua, huwezi kuelekeza apewe fulani, na wala haimo katika ile akiba ya 20,000 mliyoipigia hesabu. Na nia ya zaka haishiki kwenye mali usiyoimiliki. Anayelitoa fungu lile ni serikali, na serikali haikunuia kukulipia zaka. Kwa hiyo toeni 500 zenu kamili, na alama ya Gift Aid mtie kama kawaida. Shirika litapata 625, na hiyo 125 ya juu ni kheri iliyozidi. Kama miaka iliyopita mlikuwa mkipunguza hivyo hivyo, pigeni hesabu ya kila mwaka: robo ya kile mlichotoa kwa mtindo huo ndiyo iliyobaki shingoni. Aliyetoa 400 alipe 100, aliyetoa 320 alipe 80, kwa nia ya zaka ya mwaka ule.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliulizi. Shirika ni wakili wako tu, halikuwa fakiri hata pesa ikifika kwake zaka ikawa imefika kwa mustahiki. Waulizeni wahusika mambo mawili: zaka wanaigawa ndani ya muda gani, na ile nyongeza ya Gift Aid iliyotokana na zaka wanaipeleka wapi. Mashirika mengi huitumia kwa gharama za uendeshaji, na mimi sioni ubaya, kwa kuwa kama nilivyosema si zaka. Lakini wakitangaza kwamba zaka yote inafika kwa mafakiri, basi 500 zenu zifike zote, na mishahara na matangazo yatoke kwenye hiyo nyongeza au sadaka nyingine.

Ama kuhusu thawabu. Asli ya jambo ni aya ya 198 ya Suratul Baqara, iliyoteremka pale Waislamu walipoona vibaya kufanya biashara katika msimu wa Hija. Waliambiwa hapana ubaya kutafuta fadhila ya Mola wao. Maslahi ya dunia yakifuatana na ibada hayaibatilishi. Lakini nisikupe upande mmoja tu. Imepokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kwamba kikosi kinachopigana katika njia ya Allah kikapata ngawira kimeshatanguliziwa theluthi mbili za ujira wake, na kilichokosa ngawira kitakuta ujira wake mzima. Maulamaa wameitumia hadithi hii kuonyesha kwamba faida ya dunia inaweza kugusa kiwango cha ujira, hata kama nia ni safi.

Sasa, je, katika Gift Aid wewe unapata ngawira gani? Ukiwa mlipa kodi wa kiwango cha kawaida cha asilimia 20, hupati hata peni. Nyongeza yote inakwenda kwa shirika. Hapo hakuna cha kupunguza ujira, na mtu anayekataa kutia alama kwa kuogopea thawabu anawanyima mafakiri robo ya ziada bila sababu. Anayerudishiwa ni yule wa kiwango cha juu, ambaye mapato yake yamevuka pauni 50,270. Akitoa 100, ambayo kikodi ni 125, anaweza kudai tofauti baina ya asilimia 40 na 20, yaani pauni 25, kupitia fomu yake ya kodi ya mwaka. Huyu ndiye anayepaswa kuikagua nia yake. Kipimo chake ni chepesi: nafuu hii ikifutwa kesho, angetoa? Kama angetoa, achukue haki yake na asijisumbue. Akiirudisha tena kwa mafakiri ni bora zaidi, ila si wajibu.

Na mtu asimtishe kwa kisa cha farasi wa Umar. Sayyidna Umar alimtoa farasi sadaka, kisha akataka kumnunua, Mtume (s.a.w.) akamkataza asirejee katika sadaka yake. Kilichokatazwa pale ni kukirudia kitu chenyewe ulichokitoa. Hii pauni 25 inatoka hazina ya serikali, na zile 100 za fakiri zimebaki mahali pake. Ila iingize kwenye hesabu ya mali yako. Ikikaa hadi mwaka wako wa zaka, nayo inatolewa zaka.

Kama unauliza iwapo mfumo wenyewe ni wa haki, kumzawadia mtoaji kwa nafuu ya kodi, nitakwambia ulivyo: serikali kuacha sehemu ya kodi iende kwenye hisani ni maslahi yanayokubalika kisheria. Kasoro yake ni kwamba mwenye mshahara mkubwa anarudishiwa, na mfagizi ambaye mapato yake hayafiki pauni 12,570 kwa mwaka, kwa hiyo halipi kodi ya mapato, sadaka yake haiongezewi kitu kwa njia ya Gift Aid. Mizani ya Allah si hiyo. Katika hadithi aliyoipokea Imam Nasai, dirham moja iliishinda dirham laki moja, kwa sababu mwenye dirham moja alikuwa na mbili tu. Msiichukue fomu ya HMRC kuwa kipimo cha nani ametoa zaidi.

Kuandika jina na anwani kwenye fomu si riya, yaani kujionyesha kwa watu. Aya ya 271 ya sura hiyo hiyo imesifu sadaka ya dhahiri na ikaifadhilisha ya siri, na fomu hii haisomwi mimbarini. Inaonwa na karani wa shirika na mamlaka ya kodi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uongo unaofanyika kwenye hiyo alama. Unapotia alama unatamka kwamba katika mwaka ule wa kodi, kuanzia 6 Aprili hadi 5 Aprili inayofuata, umelipa kodi ya mapato au ya faida ya mtaji isiyopungua kiasi ambacho mashirika yote uliyoyachangia yatadai kwa jina lako. Yote kwa jumla, si kila moja peke yake. Ukichangia 800, yatadai 200. Kama kodi uliyolipa ni 150, ile 50 utadaiwa wewe. Ukiacha kazi, kodi yako ikipungua, au ukihama nyumba, yajulishe mashirika, kwa sababu tamko moja huweza kuendelea miaka na miaka.

Makosa ninayoyasikia ni haya. Mume analipa kodi lakini fomu anajaza mke asiye na kipato: haifai, mtoaji na mlipa kodi awe mtu mmoja. Kinamama wamechanga pauni 600 kwenye kikundi, kisha mwenye kushika fedha anazipeleka zote kwa jina lake ili zipate Gift Aid: huo ni ushahidi wa uongo, na nyongeza itakayopatikana ni mali ya umma iliyochukuliwa bila haki. Njia ya halali ipo. Ipitishwe karatasi ya wachangiaji, kila mmoja aandike jina lake kamili, anwani ya nyumbani na msimbo wa posta, kiasi na tarehe, na atie alama mwenyewe kama anastahiki. Asiyestahiki aache wazi. Kwa kapu la Ijumaa, msikiti uliosajiliwa na unaodai Gift Aid una mpango wake wa michango midogo: sadaka ya taslimu isiyozidi pauni 30 kwa mtu haihitaji fomu, hadi jumla ya pauni 8,000 kwa mwaka. Ada ya madrasa ya watoto isiandikwe kuwa sadaka, kwa sababu mmenunua huduma. Tiketi za bahati nasibu pia hazikubaliki, na hapo HMRC wametupunguzia kazi, maana kwetu ni kamari tangu mwanzo.

Tumalizie kwa shangazi. Wewe siku zote ulikuwa ukimpa kwa sababu ni mjane na ni damu yako. Sasa unamwona hasara kwa sababu hana fomu. Hapo ndipo nafuu ya kodi imevuka mpaka wake, imeanza kukuchagulia wa kumpa. Mtume (s.a.w.) amesema sadaka kwa maskini ni sadaka, na kwa jamaa ni mbili: sadaka na kuunga udugu. Nyongeza ya peni 25 haifikii hapo.

Anaweza hata kupokea zaka yako, akiwa ni fakiri au maskini kweli, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi wasiopewa fungu hilo ni wale ambao matumizi yao yanakuwajibikia, kama wazazi na watoto, na shangazi hayumo. Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni kutoihamisha zaka nje ya mji ilipo mali. Lakini wapo Mashafi walioruhusu, na Wahanafi hawaoni karaha kuihamisha kwa jamaa au kwa mwenye haja kubwa zaidi. Mimi nakupa fatwa ya ruhusa. Tia nia unapotuma, si lazima umwambie kuwa ni zaka. Ada ya kutuma na ya kutolea kwa wakala iwe juu yako: kama fungu lake ni pauni 200, zimfikie mkononi shilingi za pauni 200 kamili.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.