Pedali ya breki yazama

Swali: Fundi, kwenye foleni ya feri nikishikilia breki, pedali yashuka polepole mpaka chini. Mafuta ya breki hayapungui. Nimebadilishiwa pedi, bado. — Mama wawili, Likoni

Jibu: Dada yangu, gari liache nyumbani kwanza, ule mteremko wa feri si mahali pa kubahatisha. Pedi hazihusiki. Kama mafuta hayapungui kweli, nashuku raba za ndani ya masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali: zikichakaa, mafuta hupenya na kurudi nyuma badala ya kusukuma breki. Hata hivyo fundi akague kama breki zinavuja kwenye magurudumu yote manne na mipira yake ya kupitisha mafuta. Pakavu? Badilisha masta nzima, atoe hewa kwenye mfumo wa breki, atie mafuta mapya ya DOT (daraja la mafuta ya breki) iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta hayo. Kisha, injini ikiunguruma, kanyaga nusu dakika: pedali isimame imara.