Mkenya ana mshahara, Msomali ana duka: niliyoyaona Minnesota

Jumamosi moja tulikuwa nje ya Karmel Mall, soko la maduka ya Wasomali pale Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, mimi na mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa Kikisii ambaye ni nesi mzoefu, tunazunguka tu kutafuta pa kuegesha gari. Akaangalia yale magari, akaangalia watu wanavyoingia na kutoka na mifuko, akaniambia "lakini nyinyi watu mna pesa." Nyinyi watu hapo ni Wasomali. Mi si Msomali, mi ni mtu wa Mombasa, ila kwa vile navaa buibui alishaniweka huko zamani na nimechoka kumrekebisha. Kichekesho ni kwamba habaryar, yaani mama mdogo kwa Kisomali, ndivyo ninavyomwita mama ninayenunua madera kwake humo humo ndani, wiki ya nyuma alikuwa kaniuliza nyinyi Wakenya mwafanya nini hasa mpaka kila mtu ana nyumba kule Brooklyn Park, mji wa jirani. "Nyinyi mna pesa," kaniambia.

Basi nimekaa katikati ya hawa watu karibu miaka ishirini, kazini niko na Wakenya wa bara, msikitini niko na Wasomali, na wote wawili wamenifunza kitu na wote wamenitia hasara kwa njia yao. Naandika kwa ajili yako wewe unayejipanga kuja, au umefika juzi na umeanza kujilinganisha na jirani na usiku hulali.

Kitu cha kwanza, kabla hujamlinganisha mtu na mtu, uliza aliingia kwa mlango gani. Hili nililijua nimechelewa sana. Mi nilikuja na viza ya mwanafunzi, F-1, baada ya familia kufanya harambee mbili na mjomba kuuza kiwanja, na sheria ya ile viza ni kwamba wakati wa masomo unafanya kazi ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki, basi. Nilikuwa nasafisha meza za maktaba. Karo ya mgeni ni mara kadhaa ya karo ya mwenyeji, kwahiyo ile pesa ya maktaba ilikuwa inapita mkononi kama maji. Wakati huo huo kulikuwa na familia ya Kisomali kwenye jengo letu, wametoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab, mama na watoto sita, na tangu siku waliyoshuka ndege wanaruhusiwa kufanya kazi popote, kuna shirika lililowapokea, likawatafutia nyumba, watoto wakaingizwa shule. Nilikuwa nawaonea wivu, nakiri. Nilikuwa nasema hawa wamepewa kila kitu.

Sasa hebu nikwambie nilichokuwa sikioni. Yule mama alikuwa kambini miaka mingi, hakuwa na cheti chochote, Kiingereza hakuna, na tiketi ya ndege yake na ya wale watoto wote haikuwa bure, ni mkopo! Mkimbizi anasafiri kwa mkopo usio na riba na baada ya miezi michache anaanza kuulipa. Fikiria unafika nchi ya watu na deni la tiketi saba. Mimi nina deni la mjomba, ye ana deni la ndege. Tofauti ni kwamba deni lake likilipwa kwa wakati linaingia kwenye rekodi ya krediti, ile benki wanayoangalia kabla ya kukukopesha, yaani kabla hata hajajua kusoma barua ya benki tayari ana historia, na mimi na diploma yangu nilikataliwa kadi ya krediti mara tatu kwa sababu kwenye kompyuta zao mimi sikuwepo duniani.

Mlango wa tatu ni lotari ya grinkadi, kile kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu. Ile, kabla serikali haijaisimamisha Desemba 2025, ilikuwa inatoa viza mpaka 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima na ilitaka umalize sekondari au uwe na ujuzi wa kazi, ndio maana Wakenya wengi wa huku unakuta wamesoma, mlango wenyewe umewachuja. Wanafika na karatasi ya kudumu mkononi, kazi ruksa, lakini hakuna shirika la kumpokea mtu pale uwanja wa ndege, na msaada mwingi wa serikali kuu wenye grinkadi wanangoja miaka 5. Wakimbizi ndio walikuwa hawangoji, ingawa sheria iliyopitishwa 2025 imewabana hata wao kwenye fudi stempu, ule msaada wa chakula. Kwahiyo ukimuona Mkenya ana mshahara mzuri usiseme ni bidii kuliko Msomali. Mmoja alichaguliwa kwa cheti, mwingine alichaguliwa kwa sababu nyumba yake iliungua. Ripoti ya ofisi ya takwimu ya jimbo ya 2016 ilionyesha zaidi ya nusu ya Wasomali wa Minnesota wako chini ya mstari wa umaskini, na watu wakaisoma kama vile ni tabia. Si tabia bwana. Ni watoto wengi, ni watu waliofika juzi, ni mishahara ya kiwanda.

Kazi sasa. Mkenya wa Minnesota, usiniambie kitu, ni mtu wa hospitali na nyumba za wazee. Kwa nini? Kwa sababu kozi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwa sheria ya nchi inaanzia masaa 75 tu, wiki chache unamaliza, na shangazi yako au mtu wa kanisa lenu tayari yuko pale ndani na anakuombea nafasi. Alafu kutoka hapo kuna ngazi, unakwenda LPN, nesi wa ngazi ya chini, unakwenda RN, nesi kamili, unafanya mtihani, mshahara unapanda kila hatua. Watu nyumbani wanacheka ati tunaosha wazee, wacheke tu, karo zao zinatoka humo. Wasomali walianza kwingine, wengi walienda viwanda vya nyama na vya bata mzinga, miji kama Willmar na Marshall, kwa sababu pale unaanza kazi hata kama Kiingereza chako ni "yes" na "no". Kisha wengine wakatoka wakaendesha teksi, wakaendesha matrela, wakafungua maduka.

Hapo kwenye maduka ndipo pana somo. Ukiingia Karmel usitegemee mall ya kioo na ngazi za umeme. Ni vijiduka vidogo vidogo, kingine ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili, nguo zimening'inizwa mpaka darini, na mwenye duka amekaa kwenye kiti cha plastiki na birika la chai. Ni Eastleigh ile ile, mtaa wa maduka ya Wasomali! Kule Nairobi ilianza na Garissa Lodge miaka ya tisini, vyumba vya kulala wageni vikageuzwa maduka, na watu walewale na jamaa zao wakabeba akili hiyo mpaka kwenye theluji. Duka dogo maana yake kodi ndogo, na mtu anaanza na mzigo aliokopeshwa na binamu. Siku nyingine habaryar hauzi kitu. Lakini lile duka limeajiri binti yake, limemlea mpwa wake, na akiumwa wiki mbili mtu mwingine wa familia anakaa kwenye kile kiti na duka linaendelea.

Mimi nilipoumwa, mshahara wangu nao ulilala. 2014 nilikuwa nafanya shifti mbili mfululizo, nimeona ovataimu nikaona ndio utajiri, nikamnyanyua mgonjwa vibaya mgongo ukalia. Wiki kumi nyumbani. Hapo ndio nikaelewa kwamba sisi pesa yetu tunaitoa mwilini kwa saa, na mwili hauna binamu wa kukaa kwenye kiti.

Lakini usidhani nawasifia tu wenye maduka. Nyumba za kuishi ni kinyume. Wasomali wengi wanakwepa riba kwa ajili ya dini, na mkopo wa nyumba wa kawaida ni riba tupu, kwahiyo unakuta mtu kapanga miaka ishirini na amemlipa mwenye nyumba pesa ambayo ingekuwa nyumba. Hata vijana wengine wanaacha chuo kwa kukwepa mkopo wa masomo. Njia zipo, kuna African Development Center iliyoanzishwa 2003 na marehemu Hussein Samatar, wao walitengeneza mikopo ya biashara isiyo na riba, na kuna watu wa murabaha ambao wananunua nyumba kisha wanakuuzia kwa bei iliyopanda unalipa kidogo kidogo. Mimi mwenyewe nilienda na murabaha, nilipata usumbufu wa makaratasi karibu mwaka mzima lakini nalala vizuri. Kwahiyo kama dini ndio inakuzuia, uliza kwanza kabla ya kukata tamaa, usingoje miaka kumi kama nilivyongoja mimi.

Akiba. Wakenya tuna chama, na chama cha Mkenya lazima kiwe na mwenyekiti, mweka hazina, katiba, na mtu wa kuandika minitsi ambazo hakuna anayesoma. Sisi tulikuwa kumi na wawili, tukachanga miaka mitatu, tukanunua ploti nyumbani kupitia dalali aliyekuwa anatutumia video nzuri, amesimama shambani anapiga teke udongo kuonyesha ni mwekundu. Hati zikaja. Mmoja wetu akaenda likizo akafika pale akakuta mtu amejenga, ana hati yake, na yake ndio ya kweli. Hatujapata hata senti na chama kilikufa kwa maneno, watu walioombeana nafasi za kazi mpaka leo hawasalimiani.

Wasomali wanacheza ayuuto. Hakuna katiba. Wanawake kumi, kila mmoja dola 500 kwa mwezi kwa mfano, mwezi huu anachukua huyu zote elfu tano, mwezi ujao yule, imekwisha. Ni ule mchezo wetu wa merry-go-round, ila wao hawaubebeshi mzigo usio wake, pesa inazunguka inamfikia mtu mzima mzima na yeye ndio anaamua atanunua mzigo wa duka au gari au atalipa dawa za mamake. Kinachoilinda ni aibu, ukikimbia zamu unakimbia ukoo mzima. Mimi sasa niko kwenye ayuuto mwaka wa sita na ploti za video sizitaki hata bure. Lakini angalia hatari yake, ukiingia na watu usiowajua aibu haifanyi kazi, na mahakamani huna karatasi.

Na misiba. Hili halisemwi. Mkenya akifa huku mwili lazima urudi nyumbani, tunachanga, grupu ya WhatsApp inafunguliwa, maelfu ya dola, nimewahi kuchangia misiba minne ndani ya miezi miwili. Muislamu anazikwa hapa hapa haraka, na pesa inayobaki inaenda kwa mjane. Sisemi watu wabadilishe mila zao, nasema tu kama wewe ni wa kurudishwa nyumbani kata bima ndogo ya maisha mwaka wako wa kwanza, ni pesa ndogo kwa mwezi ukiwa kijana, usiwaachie watu grupu.

Kutuma pesa pia kuna tofauti kubwa. Mkenya anabonyeza simu, mama anapokea M-Pesa kabla hajamaliza kusalimia. Msomali anapitia xawaalad, maduka ya Kisomali ya kutuma pesa, anaenda dukani na pesa taslimu, kwa sababu huko inapoenda benki haijafika, na mara kwa mara benki za Marekani zinawafungia hao watumaji akaunti kama ilivyotokea Februari 2015, familia zikalala njaa kwa uamuzi wa ofisi moja California. Sasa tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa inayotumwa nje kwa taslimu. Ukituma kwa akaunti ya benki au kadi ya debiti ya hapa hailipwi. Kwahiyo fungua akaunti mapema na utume kwa kadi, hilo ni jambo la dakika kumi na linakuokolea pesa kila mwezi, na kwa habaryar na wenzake ndio kodi inayowaumiza zaidi kwa sababu wao taslimu ndio mtindo wao.

Alafu kuna mambo ambayo hakuna bajeti inayoyaweza. Marufuku ya kuingia Marekani ya 2017 na ile ya 2025 zote zimeitaja Somalia, Kenya haimo. Maana yake kiuchumi ni kwamba mtu ana mke Nairobi asiyeweza kuja, analipa kodi ya nyumba mbili kwa mshahara mmoja mwaka baada ya mwaka. Na Desemba 2025 maofisa wa uhamiaji walipojaa mjini, nilienda Karmel siku ya wiki nikapata pa kuegesha mlangoni kabisa. Habaryar alikuwa amefungua nusu tu. Ana pasipoti ya Marekani miaka mingi lakini wateja wake hawakutoka nje, na duka dogo haliwezi kukaa kimya mwezi.

Ile Jumamosi ya kutafuta pa kuegesha nilimpeleka yule rafiki yangu nesi akamuone habaryar. Nikawakalisha pamoja, yule Mkisii akauliza ayuuto ni nini, habaryar akauliza binti yake anaingiaje CNA na masomo ni shilingi ngapi, na mimi nikawa mkalimani nikakosa hata kununua nilichokuja kununua. Binti ameanza kozi mwezi uliopita. Rafiki yangu ameingia ayuuto namba nane, analalamika kwamba hakuna minitsi. Zamu yangu ni mwezi wa nne na ameshanipigia mara mbili kuuliza kama tunaweza kubadilishana.