Masta ya uhasibu wa kimataifa au CPA kwanza? Swali kutoka Njombe

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 27, nina digrii ya uhasibu na fedha, nafanya kazi kampuni ya parachichi hapa Njombe mwaka wa 3 sasa. Nimeona chuo cha nje kinatoa masta ya uhasibu na fedha za kimataifa, unasoma kwa mtandao huku unafanya kazi, na mjomba wangu kasema yuko tayari kuuza shamba lake la mipaina anilipie ada, miti ina miaka 9. Ofisini wananiambia masta ya nini, fanya CPA, ile mitihani ya kitaaluma ya wahasibu hapa nchini, mwingine anasema kama unataka ya kimataifa ni ACCA tu, ile ya Uingereza. Nimechanganyikiwa kaka, na mnunuzi wa miti anataka jibu wiki hii. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, miaka 3 kwenye hesabu za parachichi sio kitu kidogo, msimu ukifunguka najua hamlali.

Nianze na hapa panapowachanganya watu wengi sana. Masta ni elimu, CPA ni usajili wa kazi, hivi vitu viwili havibadilishani. Hapa kwetu anayemsajili mhasibu ni NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, kwahiyo hata uje na masta mbili za Uingereza, kama hujasajiliwa kwao huwezi kusaini ripoti ya ukaguzi, na matangazo mengi ya mhasibu mkuu yanaandika kabisa awe na CPA(T), yaani CPA ya Tanzania, au inayolingana nayo. Hili lilinikuta mwenyewe. Nilikuwa na masta tayari, nafasi ikatoka kwenye ofisi moja hapa Mbeya, nikajua ni yangu, akapewa kijana niliyekuwa namfundisha mimi kufunga mwezi kwa sababu yeye alikuwa na CPA na mimi sina. Iliniuma mno, na ndio maana nikiona mtu anataka kuuza shamba kwa ajili ya masta sitaki kunyamaza.

Sasa hilo neno kimataifa, usilitafute mbali, unalo hapo ofisini kwenu. Viwango vya IFRS, yaani kanuni za kimataifa za kuandaa hesabu za makampuni, vinatungwa na bodi ya IASB iliyopo London, ilianza kazi 2001, na Tanzania tunavitumia tangu Julai 2004, yaani ukifunga hesabu za kampuni yenu Njombe unafuata kitu kilekile anachofuata mwenzako Ulaya. Angalia parachichi zenu. Ule mti wenyewe, kwa sababu unazaa mwaka hadi mwaka, tangu 2016 unahesabiwa chini ya IAS 16 (IAS ni vile viwango vya mwanzo vilivyomo humohumo kwenye IFRS) kama mashine, unauwekea uchakavu. Lakini tunda likiwa bado linaning'inia juu ya mti ni mali hai, hilo ni IAS 41, linapimwa kwa thamani ya soko ukitoa gharama za kuuza. Likichumwa likaingia kwenye kreti, ile thamani ya siku ya kuchuma ndio inakuwa gharama yake na linahamia IAS 2 pamoja na stoo yote. Viwango 3 kwenye mti mmoja! Mwulize mtu aliyesoma vitabuni tu akufafanulie hilo uone atakavyohangaika, wewe unaliona kila msimu kwa macho.

Halafu kuna hela za kigeni. Tuseme mmepeleka mzigo wa euro 20,000, siku ya kuuza reti ni shilingi 2,900 kwa euro mkaandika milioni 58, mteja hajalipa mpaka mnafunga mwaka na reti imeshuka 2,800. Lile deni la mteja mnalipima upya kwa reti ya siku ya kufunga, linakuwa milioni 56, na zile milioni 2 zilizopotea zinaingia kwenye hasara ya mwaka huo, lakini mauzo hamyagusi yanabaki 58. Hiyo ni IAS 21. Wenzako wa Tunduma wanaofanya biashara ya kwacha wanakutana nayo kila siku, tatizo wengi wanairekodi kienyeji tu.

Kwahiyo ushauri wangu anza CPA. Kwa digrii yako ya uhasibu huanzii ngazi ya chini kabisa, mitihani ipo Mei na Novemba, kituo cha Mbeya kipo, unapanda basi unafanya unarudi kazini, na ada unalipa kidogokidogo kwa mshahara wako mwenyewe.

ACCA ni nzuri, sitaki mtu akudanganye kwamba ni ya kujionyesha tu. Ina mapepa 13, mwenye digrii inayotambulika anaweza kusamehewa mpaka 9, mitihani ni mara 4 kwa mwaka, na kabla hujawa mwanachama kamili wanataka miezi 36 ya kazi iliyothibitishwa (hapo muda wako wa kwenye parachichi unaweza kukusaidia sana). Ila ada yake ni kwa paundi, kuanzia usajili, kila pepa na ada ya kila mwaka. Kama lengo lako ni kuhamia nje au kuajiriwa na kampuni za nje, ichukue. Kama lengo ni kuwa mhasibu mkuu nyanda za juu kusini huku, CPA inakutosha kwa kuanzia.

Masta nayo ina siku yake. Ukishakuwa na CPA ukataka kufundisha chuo, au kuingia kwenye fedha za makampuni, mitaji, tathmini ya miradi, hapo masta ya fedha za kimataifa itakufungua macho kweli. Siku hiyo ikifika kabla hujatuma hata senti waandikie TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, uwaulize kama chuo hicho na kozi yenyewe wanaitambua, kwa njia ya mtandao hivyohivyo, upate jibu la maandishi. Na wenye chuo uwaulize kama wanafundisha IFRS 18, maana hicho kiwango kinachukua nafasi ya IAS 1, kile cha mpangilio wa taarifa za hesabu, kuanzia Januari 2027 na kinabadilisha namna taarifa ya faida na hasara inavyopangwa, wakikujibu mambo yasiyoeleweka jua notsi zao ni za zamani. Pia TIA (taasisi ya uhasibu Tanzania) na chuo kikuu Mzumbe wote wana kampasi Mbeya, pitia pale uulize kozi zao za masta kabla ya kuangalia nje.

Nirudi kwa mjomba. Mipaina haifanani na parachichi, haizai, inangoja kukatwa, kwahiyo mti wote mzima ni mali hai na faida yake ni kule kunenepa. Miaka 9 ni miti ya mbao nyembamba, ikifika 18 shina linatoa mbao pana na bei ni nyingine kabisa. Mnunuzi analijua hilo vizuri ndio maana ana haraka. Mpigie mjomba leo, mwambie asante sana, ada ya CPA utaitafuta mwenyewe, mnunuzi aondoke tu.