Usishuke mlima na trela ukiwa nyutro!

Soma hili kabla hujafunga hata begi moja. Umesema mnaingia milimani kwa wiki mbili na trela la kulala la tani 2, gari lenu lina uwezo wa kuvuta tani 2.5, ukauliza friji gani inafaa, sola ya ukubwa gani, na wapi pa kulala. Halafu katikati ukachomeka kwamba miteremkoni utaweka nyutro uokoe mafuta, na kwamba muuzaji kasema breki za trela hazina haraka, mtaziunganisha mkirudi. Ndugu yangu, nilipofika hapo friji ilinitoka kichwani kabisa.

Muuzaji wako na aliyeniuzia mimi lazima walifundishwa na mwalimu mmoja. Wangu aliniambia, "Gari lako lina nguvu, na ni otomatiki, hutajua hata kama unavuta kitu." Kupanda, kweli sikujua. Nilijua nilipoanza kushuka. Kona baada ya kona, mguu wangu hautoki kwenye breki, trela linanisukuma mgongoni. Kwanza ikaja harufu ya kitu kinachoungua, mke wangu akadhani ni lori lililokuwa mbele. Kisha kanyagio likaanza kulainika. Nikakanyaga tena, likazama mpaka chini, na gari halikupungua mwendo hata kidogo. Kilichotuokoa ni ile njia ya dharura ya kokoto iliyochepushwa pembeni kwa ajili ya malori yaliyokatika breki. Magurudumu yakazama, tukasimama. Watoto walikuwa wanalia. Diski zilikuwa zimepinda, pedi zimekwisha, grisi ya beringi imeungua. Nilipompigia yule muuzaji, aliniuliza kama nilikuwa naendesha kasi! Mtu anakuuzia tani mbili za mzigo bila kukufungia kisanduku cha kuziamrisha breki zake, kisha anauliza kuhusu kasi. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake damu inanichemka.

Sasa elewa kinachotokea. Gari na trela lako vikiwa na watu na mizigo ni tani 4 hivi. Zishushe mita 600 kwenda chini, na nishati inayotoka inatosha kuchemsha karibu lita 70 za maji. Upepo na matairi hubeba sehemu. Iliyobaki ni ya injini au ya breki, hakuna mtu wa tatu. Ukiweka nyutro umeitoa injini kazini, ukaziachia breki za gari peke yake kila kitu. Mafuta ya breki ya DOT 3, daraja lililoandikwa kwenye chupa, yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana kanyagio linazama na huna kitu.

Na hayo mafuta ya petroli huyaokoi! Injini za kisasa, ukiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye kanyagio la mafuta, hukata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Kwenye nyutro ndipo inapobidi ichome mafuta ili isizime. Aliyekufundisha hilo amekudanganya mara mbili.

Kwa hiyo, gia ndogo KABLA ya mteremko. Kabla, kilele kikiwa bado mbele yako na barabara ikiwa tambarare. Ukisubiri mpaka gari limeshashika kasi, gia inaweza isikubali. Chagua gia ambayo gari linajishikilia lenyewe. Mwendo ukipanda, kanyaga breki kwa nguvu mpaka upungue kwa kilomita 10 hivi kwa saa, kisha ondoa mguu wote, breki zipoe. Usiuegeshe mguu juu ya breki kilomita nzima kama nilivyokuwa nafanya. Wa nyuma akipiga honi, mpishe panapopishika na uendelee na mwendo wako.

Kuhusu zile tani 2.5 ambazo gari lenu linaweza kuvuta: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kila lita ya maji kwenye tangi ni kilo moja. Pima trela likiwa limejaa, usiamini kibandiko.

Breki za trela zifungwe wiki hii, ziunganishwe na kisanduku chake ndani ya gari. Kisha nenda mahali tambarare pasipo na magari, tembea kilomita 30 kwa saa, ubonyeze breki ya trela peke yake bila kugusa ya gari. Ukihisi linakuvuta nyuma, sawa. Usipohisi kitu, trela lisitoke nyumbani, na uje uandike hapa, tukuelekeze waya upi wa kuangalia kwanza.