Arua: Kongo, Sudan au Uganda?

Ndugu unayeuliza kama Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilikuwa ya Kongo au ya Sudan: zote mbili, kwa zamu. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, eneo la Lado lililo magharibi mwa Nile, Arua ikiwa ndani yake, lakini kwa uhai wake tu. Alikufa Desemba 1909, na 1910 likaingia Sudan. Katikati hapo wawindaji haramu walimaliza ndovu watakavyo, serikali hakuna. 1914 sehemu ya kusini ikaja Uganda, nayo Sudan ikapewa Gondokoro na Nimule. Ndipo wilaya ya West Nile ikaanza, makao yakiwa Arua. Eneo jirani la Mahagi lilibaki Kongo, ndiyo maana watu wa kabila la Waalur wako pande zote mbili. Kwa hiyo nyaraka za kabla ya 1914 usizitafute kwenye hifadhi ya nyaraka za Uganda.