Kama shule ni bure, wapinzani wa Wales wanadai nini?

Swali limetoka kwa mdogo wangu, na shangazi zangu wakaliunga mkono: "Dada, huko Wales shule bure, matibabu bure, hata dawa bure. Sasa hao wapinzani wanaombana waziri kila wiki wanadai nini tena? Si ni kukosa shukrani?" Naomba nijibu kwa kirefu, maana najua nyumbani wapo wanaouza kiwanja ili wafike huku wakiwa na picha hiyo kichwani. Picha ina ukweli ndani yake, ila haijakamilika.

Nianze na ulio kweli. Wanangu wanasoma shule ya msingi ya serikali hapa Cardiff, mji mkuu wa Wales, moja ya nchi nne za Uingereza. Sijaombwa ada, wala mchango wa dawati, wala wa mlinzi. Chakula cha mchana wanakula shuleni bila malipo. Mpango huo ulianza Septemba 2022 ukakamilika 2024, na unamhusu kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali, awe mtoto wa daktari au wa mfagiaji. Dawa unazoandikiwa na daktari hazilipiwi Wales tangu Aprili 2007, wakati jirani zetu wa England bado wanazilipia.

Lakini neno "bure" mlichuje. Mgeni anayekuja kwa viza hulipa ada ya afya kabla hajapanda ndege. Leo ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi, isipokuwa wenye viza za kazi ya afya na uangalizi ambao wamesamehewa. Mimi niliilipa nilipokuja kusoma. Sasa ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee, na kodi inakatwa kwenye mshahara wangu kabla sijauona. Nimelipia shule, nimelipia na hospitali. Kwa hiyo anayesimama kuuliza fedha hizo zimefanya nini, ananiulizia na mimi.

Maswali yenyewe huulizwa Jumanne, saa saba na nusu mchana, Bunge la Wales linapokuwa kwenye vikao. Bunge hilo linaitwa Senedd, na liko Cardiff Bay, ukingoni mwa maji. Waziri Kiongozi wa Wales, yaani mkuu wa serikali ya hapa, husimama kujibu. Wabunge wa kawaida huwa wamewasilisha maswali yao mapema, lakini viongozi wa vyama vya upinzani huuliza papo kwa papo, swali na maswali ya nyongeza mfululizo, na Waziri Kiongozi hajui wataanzia wapi. Aliyezoea kusikiliza maswali kwa Waziri Mkuu kutoka Dodoma siku ya Alhamisi ataushika utaratibu mara moja. Jukwaa la wananchi liko juu ya ukumbi, nyuma ya kioo, na huingii kwa kiingilio. Siku ambazo sina zamu nimekwenda kukaa pale. Mbunge anaweza kuuliza kwa Kiwelshi akajibiwa kwa Kiingereza, wakalimani wakifanya kazi yao, na kila kinachosemwa huandikwa na kuwekwa mtandaoni ili asomaye asome.

Sauti hupanda, siwafichi. Mtu aliyelelewa kwa adabu za kwetu hushtuka kumsikia mwanamama wa upinzani akimwambia mkuu wa serikali usoni kwamba hajajibu swali. Mkuu naye hukaa, huinuka tena, hujaribu upya.

Mdogo wangu, sasa nikupe jambo ambalo wageni wengi tunaishi hapa miaka bila kulijua. Chama cha Labour kilishika serikali ya Wales tangu Bunge hili lilipoanza mwaka 1999, zaidi ya miaka 25. Lakini katika chaguzi zote sita, kuanzia 1999 hadi 2021, hakikuwahi kupata zaidi ya viti 30 kati ya 60. Nusu kamili, au pungufu. Maana yake ni kwamba mara nyingi bajeti haikuweza kupita bila kumtafuta mtu wa upande wa pili: amma aunge mkono, amma akubali kutopiga kura. Hapo ndipo swali la mpinzani linapopata meno. Anauliza Jumanne, anauliza tena wiki ijayo, na bajeti ikifika anaambiwa: haya, kaa chini, sema unataka nini.

Chakula cha shuleni ulichokisifia kimepitia njia hiyo. Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, walikuwa upinzani wakikipigania. Mwishoni mwa 2021 Labour, wakiwa na viti vyao 30, walikubaliana nao mpango wa ushirikiano wa miaka mitatu, na chakula kwa watoto wote wa msingi kikawa ndani yake. Wanangu wanashiba kwa sababu kuna wapinzani waliokosa hiyo unayoiita shukrani.

Ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Kirsty Williams. Aliongoza chama kidogo cha Liberal Democrats hapa Wales tangu Desemba 2008, mwanamke wa kwanza kuongoza chochote kati ya vyama vinne vikubwa vya Wales. Desemba 2010 yalitoka matokeo ya PISA, mtihani wa kimataifa wanaofanya vijana wa miaka 15, na Wales ikawa nyuma ya Uingereza yote. Waziri wa elimu wa wakati ule, Leighton Andrews, alikiri hadharani kwamba mfumo ulikuwa umebweteka. Hata kukiri kwenyewe kunastahili kutajwa. Baada ya uchaguzi wa 2011 Kirsty alikuwa na wabunge watano tu. Lakini Labour walikuwa na 30, na bajeti ilikuwa mlangoni. Aliomba kitu kimoja: fedha ziende shuleni kwa kuhesabu watoto wa familia maskini, na zisimwagwe tu kwenye fungu la jumla. Akapewa. Kuanzia 2012 shule zilipata pauni 450 kwa kila mtoto anayestahili, na ruzuku hiyo iliendelea kuongezwa miaka iliyofuata.

Hakuishia shuleni. Akiwa bado mpinzani, alipeleka muswada wake binafsi wa kulazimisha mamlaka za afya kuwa na wauguzi wa kutosha wodini, na Machi 2016 ukawa sheria. Kwa mtu anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa kama mimi, hiyo si habari ya siasa tu. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku, anayeumia kwanza ni yule mzee asiyeweza kuita.

Halafu ikaja Mei 2016. Uchaguzi ulimwacha Kirsty peke yake, mbunge pekee wa chama chake. Bunge lilipopiga kura ya kumchagua Waziri Kiongozi, Carwyn Jones wa Labour na Leanne Wood wa Plaid Cymru walifungana 29 kwa 29, na Kirsty alikuwa upande wa Carwyn. Wiki moja baadaye Carwyn alithibitishwa, na Wizara ya Elimu akampa Kirsty Williams. Kwa miaka mitano, mama aliyekuwa akiuliza akawa ndiye anayejibu. Alisimamia mageuzi ya mtaala mpya wa Wales, ambao sheria yake ilipita 2021 na shule zikaanza kuutumia Septemba 2022. Mwaka huo wa 2021 hakugombea tena.

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Desemba 2023 yalitoka matokeo ya PISA ya 2022: Wales ilipata alama 466 kwa hisabati na 466 kwa kusoma, chini ya wastani wa nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, na ya mwisho katika nchi nne za Uingereza. Korona ilichangia, na nchi nyingi zilishuka, lakini Wales ilishuka sana. Wapinzani wakarudi na swali la mwaka 2010 kana kwamba halijawahi kujibiwa. Mimi mzazi nalihisi nyumbani: mwanangu anaporudi na kitabu, nakaa naye kila jioni nimsikilize akisoma, hata kama nimetoka zamu ya usiku. Msije mkadhani mtoto akiingia shule ya Wazungu atasomeshwa mpaka mzazi alale.

Hospitali ndiko kunakouma zaidi. Kuonana na daktari wa mtaa unaweza. Akikuandikia rufaa kwa bingwa, unaingia kwenye foleni. Mwishoni mwa 2024 foleni hiyo ilipita matibabu 800,000 yanayosubiriwa, katika nchi ya watu milioni 3 na kidogo, ingawa mtu mmoja anaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Mamlaka ya afya ya kaskazini, Betsi Cadwaladr, iliwekwa chini ya usimamizi maalumu wa serikali kuanzia 2015 hadi 2020, ikarudishwa tena Februari 2023. Mwanangu mwenyewe alingoja bingwa kwa muda uliotunyima usingizi. Nilimwandikia mbunge wangu. Ofisi yake iliwaandikia hospitali, nikapata barua yenye maelezo ya kueleweka na jina la mtu wa kumpigia simu. Foleni haikufupika hata siku moja. Ila nilijua tumefika wapi, na hilo kwa mama mwenye mtoto mgonjwa si dogo.

Na kuna tabia moja inayonikera kwa dhati. Fedha nyingi za Wales hutoka serikali kuu ya London. Kuanzia 2010 hadi 2024 London ilitawaliwa na chama cha Conservative, Cardiff na Labour. Mpinzani wa Conservative hapa Cardiff akiuliza kwa nini foleni ni ndefu, jibu lilikuwa: waulizeni wenzenu wa London waliotubania fedha. London nako wakiulizwa kuhusu hospitali zao, waliielekezea kidole Wales. Nimesikiliza hayo nikiwa juu ya kioo kile na kutamani kushuka. Mgonjwa hana habari fedha zilikwama ofisi gani.

Shangazi aliuliza kama haya yananihusu mimi mgeni. Yananihusu kwa karatasi. Sheria ya 2020 iliruhusu vijana wa miaka 16 kupiga kura ya Senedd, pamoja na raia wa nchi yoyote anayeishi Wales kwa kibali halali. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda, kwa kuwa ni wa Jumuiya ya Madola, wanapiga hata kura ya Bunge la London. Mkongo na Mrundi hawana hiyo ya London, lakini ya Senedd na ya halmashauri wanayo. Kuanzia uchaguzi wa Mei 2026 viti vimeongezwa kutoka 60 hadi 96, na kila jimbo lina wabunge sita, kwa hiyo ukikosa sikio kwa mmoja, wapo watano wengine ambao barua yako inawahusu. Machi 2025 bajeti ya Wales ilipita kwa sababu mbunge mmoja tu, Jane Dodds wa Liberal Democrats, alikubali kutoizuia, baada ya kuhakikishiwa fedha za malezi ya watoto na huduma kwa wazee. Tofauti ya kura inayopeleka mtu kama huyo bungeni inaweza kuwa ndogo kuliko idadi ya Waswahili tunaokutana kwenye sherehe za Idi hapa mjini.

Mdogo wangu, kama bado unakuja, siku ukipata anwani ya kudumu ujiandikishe kupiga kura. Fomu inajazwa mtandaoni, haina malipo, na huhitaji pasipoti ya Uingereza. Niambie, tuijaze pamoja.