Distopia inayoaminika hutokana na nini?

SWALI: Ndugu mhariri, ninaandika riwaya ya distopia, yaani hadithi ya nchi ya kubuni yenye utawala wa kukandamiza, kwa Kiswahili. Nchi yangu ya kubuni iko mwaka 2090, na kila raia amefungwa mkononi kifaa kinachopima utii wake kwa serikali. Nimewapa rasimu watu wawili waisome. Mmoja ameniambia ni ndoto tupu isiyohusiana na maisha ya mtu yeyote. Mwingine ameniambia ni gazeti lililobadilishwa majina, kwa sababu rais wangu anafanana mno na kiongozi fulani. Je, waandishi wa riwaya za namna hii huuchukuaje ukandamizaji wa kweli na kuugeuza hadithi? Na uasi je? Kijana wangu anaiangusha serikali katika sura ya mwisho, na mimi mwenyewe siamini ninapoisoma. Ni msomaji wako, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, wasomaji wako wawili wanalalamikia kasoro ileile, ila kila mmoja ameigusia upande wake. Kifaa chako hakina utaratibu. Umetueleza kinavyong'aa na kinavyolia, lakini hujatuambia nani anakisoma, kwa sheria ipi, anayekipoteza anafanywa nini, na nani analipwa mshahara kwa kukikagua. Pengo hilo umeliziba kwa sura ya rais. Ndiyo maana mmoja anaona ndoto na mwingine anaona gazeti.

Miswada mingi ya aina hii inayopita mikononi mwangu ina ugonjwa huo. Mwandishi amekasirishwa na dhuluma, hasira yake ni ya haki, naye anaimimina kwa mtawala mmoja mwovu. Lakini dhuluma inayodumu haiendeshwi na roho mbaya ya mtu mmoja. Inaendeshwa na fomu, mihuri, zamu za makarani na watu wa kawaida wanaorudi nyumbani jioni kula na watoto wao. Mwandishi wa distopia anayeijua kazi yake hukopa utaratibu huo kutoka kwenye historia, kisha huuhamisha.

Chukua kipande, yaani hati ya utambulisho ya Kenya ya kikoloni, kwa kuwa kiko karibu sana na kifaa chako. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara aliolipwa. Hati iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Kuonekana bila kipande lilikuwa kosa. Kuondoka kwa mwajiri kabla hajatia saini lilikuwa kosa pia: uliitwa mtoro na polisi wakakutafuta.

Hebu tulia hapo kwenye mshahara, kwani humo ndimo riwaya ilimo. Mwajiri mpya aliona umelipwa kiasi gani ulikotoka kabla hamjaanza kupatana. Hakuhitaji kukutisha wala kukupiga. Karatasi ilikuwa imeshamaliza mazungumzo kwa niaba yake. Mwandishi anayeona jambo dogo kama hilo hana haja ya kubuni mnyama wa chuma angani. Aseme tu kwamba mwaka 2090 kifaa kinamwonyesha kila muuzaji bei ya mwisho ambayo mteja aliwahi kukubali kulipa, na kila mwajiri ujira wa chini kabisa ambao mtu huyo aliwahi kuupokea. Msomaji wa Morogoro atalielewa hilo mwilini mwake kabla hujamweleza maana yake.

Huko ndiko kuhamisha. Utaratibu uliowahi kuwabana watu fulani unaupeleka kwa watu wengine, au unautoa mahali pamoja pa maisha na kuutandaza kote. Yevgeny Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikaa Uingereza akisimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu za Urusi, na aliujua ulimwengu wa viwanda vilivyopima kila mkono wa mfanyakazi kwa saa. Alipoandika riwaya yake ya «Sisi», mwaka 1920 na 1921, alichukua ratiba ya kiwanda akaitandaza juu ya maisha yote. Raia wana namba badala ya majina, wanaishi katika nyumba za vioo, wanaamka, wanatafuna na kulala kwa saa ileile. Hakumtaja kiongozi yeyote wa Urusi. Hata hivyo kitabu hakikuruhusiwa kuchapishwa nchini mwake. Kilitoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, na Warusi hawakukisoma kikiwa kimechapishwa kihalali kwao hadi mwaka 1988. Watawala waliutambua utaratibu wao bila kuonyeshwa picha ya mtu.

Margaret Atwood, Mkanada, alijiwekea sharti alipoandika «The Handmaid's Tale», iliyotoka mwaka 1985: hakuna kitu kingeingia kitabuni ambacho binadamu hawajawahi kukifanya mahali fulani. Kati ya mambo aliyokuwa nayo akilini ni Romania ya dikteta Ceaușescu, ambako Amri namba 770 ya mwaka 1966 ilipiga marufuku utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke, na baadaye wanawake wakapimwa wakiwa makazini kuona nani ni mjamzito. Yeye aliuhamishia utaratibu huo Marekani, kwenye nchi ambayo wasomaji wake waliiona haiwezi kufika huko.

Jifunze pia namna dhuluma inavyojipa majina. Afrika Kusini ilipoamua mwaka 1952 kumlazimisha kila Mwafrika mtu mzima kubeba kitabu cha pasi, hati iliyodhibiti aende na aishi wapi, sheria yenyewe iliitwa Sheria ya Kufuta Pasi na Kuratibu Nyaraka za Wenyeji. Ilizifuta pasi za zamani na kuleta moja kubwa zaidi, na wanawake nao wakaingizwa. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi makao ya serikali Pretoria kuipinga. Katika rasimu yako kitengo cha kuwatesa watu kinaitwa Idara ya Mateso. Badilisha. Hakuna serikali inayoandika hivyo kwenye kibao cha ofisi. Idara hiyo ingeitwa ya Ustawi, ingekuwa na sanduku la maoni mlangoni, na katibu muhtasari wake angekuwa mpole sana kwenye simu.

Kuhusu lile la gazeti. Shaaban Robert alichapisha «Kusadikika» mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na yeye mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Nchi yake inaelea angani. Humo hamna gavana wala Mzungu. Kuna Karama, anayeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na kuna wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema ya nchi nyingine, wakarudi nayo, wakafungwa. Kwa kuwa alichora utaratibu, wa watawala kuwafunga wale waliowatuma wenyewe, kitabu hakikufa bendera ya Uingereza iliposhushwa. Wasomaji wa baada ya uhuru wamekisoma na kuona mambo ya kwao. Angemchora gavana wa wakati ule mwenye masharubu na kofia, leo tungekuwa tunakihifadhi makumbusho.

Kwa hiyo mfute rais wako karibu kabisa. Mwache awe picha ukutani na sauti kwenye redio. Ukurasa aliokuwa akiujaza mpe karani wa ukaguzi.

Nikija kwenye uasi, ambao ndio unaokusumbua kwa haki kabisa. Angalia kazi wanazofanya waasi wa riwaya hizi. Winston wa George Orwell, katika «1984», ni karani wa kumbukumbu katika wizara ileile inayobadili kumbukumbu. D-503 wa Zamyatin ni mhandisi anayejenga chombo cha dola. Mhusika mkuu wa Ray Bradbury, katika «Fahrenheit 451», ni zimamoto anayechoma vitabu. Wote wanakula kwa mkono wa mashine wanayokuja kuiasi. Hilo limetoka kwenye maisha. Orwell mwenyewe alikuwa polisi wa dola ya Kiingereza nchini Burma tangu 1922 hadi 1927 kabla hajaikana kazi hiyo. Harry Thuku, aliyeongoza upinzani dhidi ya kipande, kodi na kukatwa mishahara jijini Nairobi mwaka 1921, alikuwa mwendesha simu katika idara ya hazina ya serikali ya kikoloni. Mtu anayeunganisha simu za wakubwa anajua mashine inavyozungumza.

Kijana wako hana kazi. Anatokea msituni akiwa shujaa tayari. Mpe kazi kwenye idara ya vifaa, mwache aitengeneze betri moja, amwone mtu mmoja akiharibikiwa kwa sababu ya betri hiyo.

Lakini hapo pia ndipo ninapotofautiana na distopia nyingi za Ulaya, na ningependa wewe utofautiane nazo. Zinampa mwasi upweke. Anaasi peke yake, labda na mpenzi mmoja, anasalitiwa, anavunjwa. Historia tunayoijua sisi haikwenda hivyo. Thuku alipokamatwa Machi 1922, maelfu ya watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, wengi wao wafanyakazi wa mjini. Wazee walipotoka kuzungumza na wakubwa wakarudi wakiwataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake mbele ya umati, akawaambia wanaume wamvulie suruali zao, yeye avae. Kwa Wakikuyu kitendo hicho kwa mwanamke mtu mzima ni tusi zito na laana. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea, risasi zikalia. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, wenyeji wakasema ni wengi zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, na kipande kikaendelea kuning'inia shingoni mwa watu hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kwa kipimo cha sura yako ya mwisho, uasi ule ulishindwa. Lakini umeona kilichomo? Mwongozaji hayupo, yuko kizuizini. Anayeusogeza umati si mtu aliyepangwa kuwa shujaa. Silaha yake ni mila ambayo dola haijaiandikia sheria. Hivyo vitatu ukivitia katika sura yako, hutahitaji ikulu ianguke. Mtafute katika kitabu chako mtu ambaye hukumpa hata mstari wa maneno, mama wa mgahawa katika sura ya nne kwa mfano, na ufikirie yeye ana nini ambacho kifaa hakiwezi kukipima.

Waandishi wengine hutumia mbinu ya umbo. Mwishoni mwa «1984» Orwell ameweka kiambatisho kinachoeleza lugha ya utawala ule, na kimeandikwa kwa wakati uliopita, kana kwamba utawala wenyewe umekwisha kuwa historia. Atwood naye anamalizia kwa wanazuoni wa mwaka 2195 wakijadili mkutanoni dola iliyokwisha kuanguka. Hatuambiwi ilianguka vipi. Tunajua tu kwamba kuna watu baadaye wanaoweza kuizungumza bila hofu. Mbinu hiyo ni halali, nawe unaweza kuitumia, kwa mfano kwa hati ya mnada wa vifaa chakavu. Mimi binafsi ningechagua umati wa Nairobi kabla ya wanazuoni, kwa kuwa mswada wako una joto ambalo kiambatisho kingelipoza.

Hukuuliza hili, lakini uandike ukiwa unalijua. Mhusika anaweza kutoka kitabuni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba baada ya «Matigari» kutoka kwa Kikuyu mwaka 1986, watu wa Kenya ya kati walianza kumzungumzia mtu aitwaye Matigari anayezunguka akiuliza ukweli na haki viko wapi. Ikaamriwa akamatwe. Polisi walipogundua ni mtu wa hadithi, mwezi Februari 1987 walivamia maduka na kukikamata kitabu chenyewe. Thailand, baada ya mapinduzi ya Mei 2014, watu waliinua vidole vitatu barabarani, saluti waliyoitoa kwenye filamu za «The Hunger Games», na wakakamatwa kwa hiyo. Februari 2021 saluti ileile ilifika Myanmar, na balozi wa nchi hiyo, Kyaw Moe Tun, akaiinua mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akiwapinga wanajeshi walioiteka serikali yake. Ishara hiyo ilifaa kwa sababu ni nyepesi: haihitaji bango, karatasi wala sauti. Kijana wako anatoa hotuba ya kurasa sita. Hakuna atakayeibeba. Mpe kitu ambacho mkono unaweza kukifanya ukiwa umefungwa kile kifaa.

Anza na sura ya nne, kisha ya mwisho. Zilizo katikati usiziguse mpaka hizo mbili zisimame.